Kadi ya bima peke yake haizibi jino

Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, mazungumzo ya afya Tanzania yamekuwa mazungumzo ya kadi: nani ataipata, kwa bei gani, na kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, kitabeba nini. Meno hutajwa kwa kupita tu, na yakitajwa husikika kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana ni wazembe, hawaendi kwa daktari wa meno mpaka uso uvimbe. Ya pili ni kwamba wakishapata kadi wataenda. Kwa maoni yangu kauli zote mbili zinakosea mahali pamoja, maana zinahesabu safari za kliniki bila kuuliza kijana akifika pale anafanyiwa nini. Kijana wa kipato cha chini hukifikia kiti cha daktari wa meno akiwa amechelewa, na tiba anayoikuta, mara nyingi, ni kung'oa. Naye amechelewa kwa sababu hiyohiyo: angekwenda mapema hapakuwa na cha kumpa. Bima itakayolipia safari huku kinachotendeka kwenye kiti kikibaki vilevile itakuwa inagharamia mapengo.

Kwanza tuelewane jino linavyoharibika, kwa sababu hoja nzima imekaa hapo. Bakteria walio kwenye utando wa meno hutumia sukari tunayokula na kutoa tindikali. Tindikali hulainisha tabaka gumu la nje, na baada ya miezi au miaka panatokea tundu. Tabaka hilo halina neva, kwa hiyo tundu linapoanza mwenye jino hana habari. Uozo ukifika tabaka la pili, maji ya baridi huanza kumshtua na kitu kitamu kumuuma kidogo, kisha hutulia. Hapo jino bado linazibika kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Maumivu yanayomkesha mtu huja pale uozo unapofika kwenye kiini, penye mishipa ya damu na neva, na wakati huo kuziba kwa kawaida hakutoshi tena. Zinabaki njia mbili: kutibu mzizi, kazi inayotaka eksirei, vifaa maalumu na mara nyingi kurudi zaidi ya mara moja, kwa bei iliyo mara kadhaa ya kung'oa, au kung'oa kwenyewe. Mtu anayesubiri maumivu ndipo aende, tiba yake imekwisha kuamuliwa kabla hajapanda daladala.

Mchukue dereva wa bodaboda wa miaka 23 anayeendesha pikipiki ya mtu kwa mkataba. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki, iwe kijiwe kilichangamka au kililala. Gego linaanza kumuuma usiku. Kwenda hospitali ya wilaya ni kupanga foleni tangu asubuhi, na hesabu ya siku hiyo hakuna atakayemsamehe. Kwa hiyo anasimama kwenye duka la dawa muhimu la mtaani kwake, anapewa vidonge vya kutuliza maumivu na vichache vya amoksilini kwenye kibahasha cha karatasi, kwa kadiri ya hela aliyonayo mfukoni wala si kwa dozi. Au mama yake anampa karafuu aibane kwenye tundu, na karafuu inasaidia kweli, kwa sababu ina yujinoli, dawa ambayo hata madaktari wa meno huitumia kutuliza. Siku chache baadaye kimya. Yeye anadhani amepona, kumbe neva imekufa na usaha unatafuta njia. Kwa wengi hutokea jipu kwenye ufizi, likapasuka, yakaisha. Kwa wachache, hasa kwenye magego ya chini, uambukizo hushuka chini ya taya hadi shingoni, ukavimbisha sakafu ya mdomo na kuziba njia ya hewa. Ugonjwa huo unaua, na huua watu wenye umri wa kufanya kazi.

Ukimwita kijana huyu mzembe, hujapiga hesabu yake. Angekwenda mapema, kabla jino halijamkesha, angekutana na nini? Niliwahi kukaa asubuhi nzima kwenye benchi la kliniki ya meno ya hospitali moja ya wilaya, nikimsindikiza ndugu. Tabibu wa meno aliwaita wagonjwa watano kwa mkupuo, akawachoma ganzi mmoja baada ya mwingine, akawarudisha kwenye benchi wakiwa wameshika mashavu, kisha akaanza kuwaita tena kwa zamu, safari hii kwa koleo. Kwenye orodha ya bei ukutani kuziba kulikuwapo. Mama mmoja aliyekuja na binti wa chuo aliuliza, akaambiwa dawa ya kuziba imeisha, ajaribu hospitali ya mkoa au aende kwa watu binafsi. Binti alirudi nyumbani na tundu lake. Simlaumu tabibu yule, ambaye aliwahudumia watu wengi kwa vifaa alivyopewa, na kwa upole. Ila mtaa mzima hujifunza somo lilelile lililomfika binti yule: kwa meno huendi mpaka uwe tayari kung'olewa. Tafiti zilizofanyika nchini kwa miongo kadhaa zimekuwa zikirudia jambo hilohilo, kwamba maumivu ndiyo yanayowapeleka watu wengi kliniki na kung'oa ndiyo tiba wanayotoka nayo. Tumezoea kuisoma taarifa hiyo kama habari kuhusu wagonjwa. Mimi naisoma kama habari kuhusu kliniki.

Jambo la pili linalokosewa ni umri. Tunamhukumu kijana wa miaka 22 kana kwamba meno yake yalianza kuharibika alipoanza kujitegemea. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 tangu utotoni. Walipofika miaka 26 walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: waliokulia katika familia duni walikuwa na meno mabovu na fizi mbovu zaidi kuliko waliokulia katika familia zenye nacho, na hata wale waliokuwa wamepanda kimaisha ukubwani hawakuwa wameiacha nyuma tofauti hiyo. Umaskini wa utotoni ulikuwa bado mdomoni mwao. Na hiyo ni nchi ambako matibabu ya meno ya mtoto hulipiwa na serikali.

Kwetu ushahidi wa jambo hili hauhitaji hata mtafiti. Nenda vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, au sehemu za Manyara na Singida, utazame meno ya vijana. Maji ya chemchemi na visima vya huko hupita kwenye miamba na kubeba madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi viwango vya Tanzania viliruhusu hadi miligramu 4, na kuna vyanzo vilivyozidi hata hapo. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi huongeza mengine. Floridi kidogo kwenye dawa ya meno huimarisha jino, lakini ikizidi wakati jino la mtoto bado linajengeka ndani ya taya, jino huota na madoa ya kahawia na wakati mwingine likiwa na vishimo. Muda huo hupita akiwa na miaka 8 hivi. Akifika 20 hakuna mswaki wa kuyaondoa madoa hayo. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, na mradi mkubwa wa maji wa Arusha umeleta nafuu, lakini waliokwisha kunywa wamekwisha kunywa. Kaya yenye uwezo ilinunua maji ya kunywa. Isiyo na uwezo ilichota. Leo watoto wa kaya hizo mbili wanaomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kitalii pale Arusha, mmoja akicheka na mwingine akiziba mdomo kwa mkono, na anayewahoji anadhani yule wa pili hapigi mswaki.

Wapo pia waliong'olewa vichipukizi vya meno wakiwa wachanga, kwa imani ya meno ya nailoni, kwamba ndiyo yanayomharisha na kumpandisha mtoto homa. Baadhi yao leo wana pengo au jino lililopinda pale linapokaa chonge. Hawakuwa na lolote la kuamua.

Kisha kuna ngazi ambayo mfumo wenyewe umeikata. Toto Afya Kadi iliwekwa kwa walio chini ya miaka 18. Mwanafunzi wa chuo hulipia bima ya Sh50,400 kwa mwaka, na kadi hukoma anapomaliza. Mwajiriwa rasmi huingia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kupitia mwajiri, na hapo kuziba na hata kutibu mzizi hulipiwa. Kati ya kumaliza shule na kupata ajira rasmi kuna miaka ambayo kijana si mtoto wa mtu wala mwajiriwa wa mtu, na kwa walio wengi miaka hiyo haina mwisho, maana ajira rasmi haiji. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa ya Sh30,000 kwa kaya ya watu 6 katika mikoa mingi, ilipangwa kwa kaya. Kijana aliyepanga chumba kimoja na wenzake si kaya ya aina hiyo. Na miaka hiyo ndiyo matundu madogo ya shuleni yanapofika kwenye kiini. Anapoteza kinga hasa pale tiba ya bei nafuu inapokaribia kuwa haiwezekani.

Sasa nizitazame hoja za upande wa pili, nikianza na iliyo dhaifu kuliko zote, ya uzembe na elimu. Kila Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, vijana huambiwa wapige mswaki mara mbili kwa siku na wamwone daktari mara mbili kwa mwaka. Ushauri huo ni mzuri, nami nautoa nyumbani kwangu. Lakini hoja kwamba tatizo ni kutojua haisimami. Kijana wa ofisini Masaki na kijana wa kijiweni Tandika wote wanajua kwamba sukari inaozesha meno, wote wanaogopa sindano, na wote wanakunywa soda. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Anayeshinda juani anakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu kidogokidogo tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu ndicho kinachomweka macho na kinauzwa kila kona, na kwa meno kunywa kidogokidogo kutwa ni kubaya kuliko kunywa kwa mara moja. Mafundisho huongeza maarifa, hilo limeonekana mara nyingi. Kuongeza maarifa kwa mtu ambaye kituo chake hakina dawa ya kuziba ni kumwongezea uchungu wa kujua.

Hoja ya kipaumbele ina uzito zaidi na haifai kubezwa. Nchi ina malaria, VVU, vifo vya wajawazito na watoto wachanga, na fedha haitoshi. Ningekuwa mganga mkuu wa wilaya, nikalazimika kuchagua kati ya damu ya kuwaongezea wazazi na dawa ya kuziba meno, ningechagua damu. Ila uchaguzi huo ni wa kufikirika. Kung'oa nako kuna gharama yake, ya ganzi, glovu, koleo la kuchemshwa, mshahara wa tabibu na siku ya kazi ya mgonjwa. Na uambukizo uliofika shingoni hugharimu kitanda cha rufaa, dawa za kuchoma na upasuaji. Halafu ukubwa wa tatizo wenyewe hauruhusu kulisukuma kando. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na walio wengi wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Tayari tunalipa, tunalipa kwa kuchelewa.

Hoja ya tatu, ya bima, ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nami naikubali kwa sehemu. Hela ya mfukoni inazuia watu kweli, na sheria hii naiunga mkono bila kigugumizi. Ninachokataa ni matumaini kwamba kuondoa bei kunatosha. Uskoti iliondoa malipo ya meno kwa wote walio chini ya miaka 26 Agosti 2021, katika nchi yenye madaktari wa meno wengi kuliko ukanda wetu wote unavyoweza kuota. Vijana wa mitaa maskini hawakuwafikia wenzao kwa sababu hiyo tu. Kilicholeta mabadiliko makubwa huko kilitokea mapema zaidi maishani: mpango wa Childsmile, ambapo watoto wa chekechea hupiga mswaki pamoja darasani kila siku kwa dawa ya meno yenye floridi. Mwaka 2003 watoto wanaoanza shule ya msingi wasio na uozo unaoonekana walikuwa chini ya nusu; miaka ishirini baadaye ni zaidi ya theluthi mbili. Pengo kati ya maskini na wenye nacho limebaki, lakini mtoto maskini wa leo ana meno bora kuliko mtoto maskini wa wakati ule, na atayaingiza hayohayo kwenye ujana wake.

Atakayesema hatuna wataalamu atakuwa amesema kweli. Kanda ya Afrika ina madaktari wa meno kama 3.3 kwa kila watu 100,000, takriban sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Lakini hapa kuna jambo ambalo sisi Watanzania tulipaswa kulisema kwa sauti kubwa kuliko mtu mwingine. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ndiko ilikobuniwa njia ya kuziba meno isiyohitaji umeme wala mashine ya kuchimbia. Tabibu hukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono na kujaza tundu kwa saruji maalumu ya meno, glasi ayonoma, inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo kwa dunia mwaka 1994, na leo inafundishwa katika mabara yote. Haihitaji daktari mwenye shahada. Tabibu wa kinywa na meno anaiweza. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na kimiminika cha madini ya fedha na floridi kinachopakwa kwenye tundu ili kusimamisha uozo. Hicho cha mwisho huacha doa jeusi, na msichana wa miaka 19 ana haki ya kukikataa kwenye jino la mbele. Kwa gego la nyuma ni dakika chache na tone moja.

Kwa hiyo ninaposoma rasimu na matangazo ya kitita, natafuta mambo machache tu. Je, kuziba kumewekwa kwenye kitita cha msingi, tena katika ngazi ya kituo cha afya, au kumepelekwa hospitali ya rufaa ambako dereva wa bodaboda hatafika? Je, Bohari ya Dawa inaihesabu saruji ya meno kama bidhaa isiyotakiwa kuisha, kama inavyozihesabu dawa za malaria? Je, kituo kitalipwa kwa kuziba kiasi kinachotosha kununua dawa nyingine ya kuziba? Swali hili la mwisho linaonekana la kihasibu lakini ndilo litakaloamua mambo. Mwaka 2024, kitita kipya cha NHIF kilipoanza kutumika Machi mosi, hospitali binafsi ziligoma kupokea wanachama kwa kuwa bei hazikulipa gharama zao. Kituo cha umma hakigomi. Kinaacha tu kuagiza kile kinachokitia hasara, na mgonjwa huambiwa dawa imeisha. Bima inayolipia kung'oa kwa bei inayotosha lakini kuziba kwa bei ya hasara itakuwa inakiambia kituo, kwa lugha ya fedha, kishike koleo. Na kwa vijana wa umri huu kuna sharti moja la ziada: saa za jioni au Jumamosi, angalau katika vituo vya mijini, kwa sababu mtu wa kibarua hawezi kununua tiba kwa mshahara wa siku ambao hajaupata.

Kipimo nacho kibadilike. Tukihesabu safari za kliniki, mwaka wa kwanza wa kadi utaonekana wa mafanikio makubwa, kwa sababu waliokuwa wakivumilia kwa kukosa nauli na ada watakuja wote kung'olewa. Rejesta za MTUHA, mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za afya, za kliniki za meno huandika umri wa mgonjwa, ugonjwa na tiba aliyopewa, kwa hiyo meno yaliyozibwa na yaliyong'olewa yanaweza kuhesabiwa kwa rika bila kuanzisha utafiti wowote mpya. Wizara ichapishe uwiano huo kila mwaka, wilaya kwa wilaya, kwa walio kati ya miaka 18 na 30, ili mbunge wa Temeke au wa Arumeru Magharibi aweze kusimama bungeni na kumuuliza waziri: kwa kila kijana mmoja aliyezibwa jino jimboni kwangu mwaka uliopita, wangapi waling'olewa?